Samaki wa Mia Mbili na Kumi na Tatu

Ilikuwako nchi moja, na kwa bahati bado iko, ambayo bahari yake ilikuwa na aina mia mbili na kumi na mbili za samaki. Hawakupungua, hawakuzidi. Hesabu hiyo haikutolewa na wavuvi, maana wavuvi ni watu wa kuona tu. Ilitolewa na Baraza la Taifa la Uainishaji, lililokaa siku tatu katika hoteli yenye ubaridi wa kutosha, likaandika kila samaki ambaye wajumbe waliwahi kumla au kusikia akisifiwa, kisha likaifunga Orodha kwa lakiri nyekundu. Baba Mlezi, mkuu wa nchi hiyo, alitia saini na kutangaza redioni kwamba kuanzia siku ile bahari imekamilika.

Bahari haikuwa na redio.

Sheria iliyofuata ilikuwa nyepesi kueleweka. Samaki aliye kwenye Orodha ni raia. Asiye kwenye Orodha ni mgeni aliyeingia bila kibali, na aliyemleta nchi kavu ni mwenyeji wake, naye atawekwa ndani mpaka mgeni huyo ajulikane jina, ukoo na nia. Watu wenye akili finyu waliuliza samaki anaweza kuwa na nia gani. Watu hao nao waliwekwa ndani, na nia zao zikajulikana.

Basi alikuwepo mvuvi mmoja, Ngwali Shaame, mtu wa makamo, aliyevua kwa mshipi mrefu kule ambako nyavu hazifiki. Siku moja alivuta kutoka pima mia nne chini, akaona kinakuja kitu ambacho hakuwahi kukiona katika miaka thelathini na miwili ya kuvuta. Kilikuwa na rangi ya matope na ngozi tupu, bila gamba hata moja. Pua butu kama ya sungura, mkia mwembamba kama wa panya, mapezi ya ubavuni mapana kama mbawa, na macho makubwa ya kijani yaliyowaka kama ya paka aliyemulikwa kurunzi. Angemrudisha majini, nani angejua? Lakini Ngwali alikuwa mwaminifu, na uaminifu ukamponza. Alimpeleka kwenye meza ya ukaguzi sokoni, akauliza huyu ni nani.

Katika nchi ile, anayeuliza ndiye anayejibu.

Mkaguzi alipekua Orodha kutoka mbele kwenda nyuma, akaipekua tena kutoka nyuma kwenda mbele, kisha akaita askari. Askari waligundua kwamba kichwani mwa samaki kuna mistari, imepinda na kugawanyika kuzunguka macho na pua. Mmoja akasema ni ramani ya njia za kuingilia Ikulu. Mwenzake akasema hapana, ni ramani ya mabomba ya maji machafu ya Ikulu. Ili pasiwe na ugomvi, waliandika yote mawili. Ngwali akachukuliwa na kaptura yake ikingali inachuruzika, na samaki akatiwa ndooni, akapelekwa Makumbusho ya Taifa kwa Siwema Machano.

Siwema alikuwa Mkaguzi wa Samaki Daraja la Tatu. Daraja la Kwanza na la Pili yalikuwa na wenyewe, ila hakuna aliyewahi kuwaona isipokuwa kwenye karatasi za mishahara. Hadubini ya idara ilikuwa imeazimwa na waziri, ili iwe mezani pake kila anapopigwa picha. Siwema alibaki na kisu, rula, lenzi ya mkononi na macho yake, na kwa vitu hivyo vinne alikuwa akifanya kazi ya watu watatu bila ya kuwachukia wale wawili. Kuchukia alijifunza baadaye.

Alifunua ndoo, akatazama. Kisha akavuta kiti, akakaa karibu, kama mtu aliyepata mgeni wa heshima. Alikuwa amewasoma samaki hawa vitabuni; wataalamu huwaita kimera. Ni jamaa wa papa na wa taa, yule samaki bapa mwenye mbawa, lakini waliachana nao zamani sana, kabla ya kuwako mti wa maua duniani, wakashuka gizani, wakakaa huko bila kumsumbua mtu. Hawana mfupa, wana gegedu. Papa ana matundu ya kupumulia matano au zaidi kila ubavu, kimera ana moja tu lililofunikwa. Papa ana meno ya kung'oka na kuota tena, kimera ana vibao vigumu vya kusagia kaa na konokono. Mbele ya pezi la mgongoni husimama mwiba wenye sumu. Na ile mistari ya kichwani si ramani ya mabomba ya mtu. Ndiyo masikio ya gizani, ambayo kwayo samaki husikia kiumbe kingine kikijongea majini.

Mistari hiyohiyo, jinsi inavyogawanyika, ndiyo inayomtenga kimera mmoja na mwingine. Siwema aliihesabu kwa lenzi mara nne. Alipima mwiba, pezi na mkia, akalinganisha na kila kimera aliyewahi kuandikwa. Siku ya nne alikuwa na hakika. Samaki huyu hakuwa amewahi kuonwa na mtu yeyote anayejua kuandika.

Kila asubuhi, kwenye ngazi za Makumbusho, alimkuta mke wa Ngwali, Mize, na sahani yake iliyofunikwa kawa, anapumzika kabla ya kuendelea na safari ya gerezani.

"Mwanangu, yule samaki ameshapata jina?"

"Bado, mama. Kidogo tu."

"Mfanyie haraka. Miguu ya mume wangu imeanza kuvimba."

Sheria ilimruhusu Siwema kuingia gerezani kwa ajili ya samaki, si kwa ajili ya mtu. Alikwenda kuuliza kina, mahali, saa na chambo. Alimkuta Ngwali amekaa kwenye sakafu yenye maji ya kufikia vifundoni, maana selo namba sita ilikuwa chini ya tangi bovu. Alijibu kila swali kwa makini, kama mtu anayemwelekeza mgeni nyumba. Kisha akauliza la kwake.

"Mwenzangu hajambo huko?"

"Yumo kwenye dawa, baba. Haozi."

"Afadhali yeye," alisema Ngwali.

Siwema alirudi akaandika ripoti ya kurasa kumi na moja usoni na nyuma. Kwa desturi ya kazi yake, samaki mpya huweza kupewa jina la aliyempata, naye akamwandika: kimera wa Ngwali. Aliona ni haki ndogo mno kwa mtu aliyekalishwa majini kwa sababu ya uaminifu.

*

Baraza la Uainishaji lilikutana baada ya wiki saba. Mwenyekiti wake, Mheshimiwa Mwinyikondo, alipata cheo hicho kwa uzoefu: alikuwa ameongoza kiwanda cha sabuni mpaka kikafa, kisha shirika la korosho mpaka likafa, na ilionekana bahari itamfaa kwa kuwa ni kubwa. Alifungua kikao kwa hotuba ya saa moja na nusu juu ya umuhimu wa kuokoa muda.

Kamati ya Papa ilidai samaki ni wake, ila ni papa aliyepungukiwa na matundu manne, na ikaomba uchunguzi juu ya nani aliyeyachukua. Kamati ya Taa ilidai mbawa. Kamati ya Mifugo Midogo ilionyesha pua na kusema huyo ni sungura aliyepotoka. Mjumbe mmoja mwenye busara alishauri akatwe vipande, kila kamati ipate haki yake, na mkia upelekwe Idara ya Kuangamiza Panya. Siwema alisimama, akaeleza kwa dakika tano yale aliyoyaona kwa siku nne. Alipokaa, Mwenyekiti alimshukuru kwa mchango wake wa kiakina mama, akauliza kama chai iko tayari.

Sasa, Baraza lilikuwa na desturi yake: mjumbe hapigi kura juu ya kiumbe ambacho hajakipa mkono. Ng'ombe alipewa mkono, mbuzi alipewa mkono, na wakati wa kuorodhesha nyuki wajumbe wawili walilazwa. Siwema aliwaonya juu ya mwiba. Mheshimiwa Mwinyikondo akajibu kwamba hajawahi kuogopa mwananchi wa kawaida, akampapasa samaki mgongoni kwa mapenzi ya kiongozi. Kisha alitoa sauti ambayo kumbukumbu za kikao ziliiandika hivi: "Mwenyekiti alichangia."

Kikao cha pili kiliahirishwa kwa sababu ya kidole cha Mwenyekiti. Cha tatu kiliahirishwa ili kusherehekea kupona kwa kidole. Katikati ya hayo, faili la Ngwali lilinenepa: liliongezwa shtaka la kumiliki silaha yenye ncha kali bila leseni.

Miezi saba ilipita. Mize alianza kutembea kwa kuchechemea, kana kwamba miguu ya mumewe ilikuwa yake.

*

Tatizo la Baraza halikuwa samaki. Tatizo lilikuwa bahari, ambayo ilishatangazwa kuwa imekamilika. Kukubali samaki wa mia mbili na kumi na tatu ni kusema Baba Mlezi aliwahi kukosea, na hilo halikuwemo hata katika orodha ya mambo yanayowezekana. Mheshimiwa Mwinyikondo ndiye aliyelipata jibu. Alisema bahari haikukosewa hesabu, bali baada ya hotuba ile iliingiwa na mahaba, ikamzaa samaki mmoja zaidi kwa heshima ya Baba Mlezi, na kwa hiyo samaki huyo sharti aitwe kimera wa Baba Mlezi. Wajumbe walisimama, wakapiga makofi mpaka chai ikapoa.

Siwema aliletewa ripoti yake. Jina la Ngwali lilikuwa limepigwa mstari mara tatu kwa wino wa kijani. Kurasa nyingine zilikuwa safi kabisa, hazina hata alama ya kidole, kama karatasi zilivyo zinapotoka dukani. Alikaa nazo mapajani. Ulimi wake ulijaa maneno ambayo mama yake hakumfundisha. Kisha akamkumbuka mtu aliyekaa majini, akatia saini. Liwe jina la shetani, alijiambia, maadamu ni jina.

Sherehe ilifanyika uwanjani. Samaki aliingizwa ndani ya chupa kubwa iliyofunikwa bendera, akakagua gwaride kwa macho yake yasiyofumba. Mshairi wa serikali, aliyekuwa akilala kila mwaka kati ya sherehe moja na nyingine, aliamshwa, akapanda jukwaani:

Samaki wa kilindini, mwenye macho ya feruzi,
Hana mfupa mwilini, mpole hana ajizi,
Kashuka toka enzini, awape nguru malezi,
Naye huko baharini, ni Baba, tena Mlezi.

Vina vilitimia na mizani ikatimia. Akili peke yake ndiyo haikuhudhuria. Siwema alisikiliza huku akihesabu, si mizani, bali saa zilizobaki kabla gereza halijafungua lango.

Alifika mapema na gazeti la serikali mkononi, Mize yuko kando yake na kanzu safi ya mumewe kwenye kifurushi. Sajini wa zamu alisoma tangazo, akafika kwenye jina, akasimama wima, akapiga saluti, akaketi tena. Aliingia ndani. Aliporudi alikuwa na karatasi mpya. Kwa masikitiko ya mtu anayesoma kazi ya mwenzake, aliwaarifu kwamba mashtaka ya awali yote yamefutwa. Sasa Ngwali Shaame anashtakiwa kwamba, kwa makusudi na kwa kutumia chambo, alimtia ndoana mdomoni Baba Mlezi, akamvuta kutoka makazi yake halali, na kumfikisha sokoni kwa nia ya kumuuza kwa kilo. Hukumu ya kosa hilo ilikuwa na neno moja, nalo halikuwa kifungo.

Mize hakulia. Alikaa chini palepale, akaanza kuikunja upya kanzu ambayo haikuwa imekunjuka.

*

Mahakamani Siwema aliitwa na serikali, athibitishe kwamba samaki aliyemo chupani ndiye hasa mwenye jina. Ngwali alikuwa kizimbani, ameshikwa na askari wawili, si kwa kuogopwa atatoroka bali kwa sababu miguu ilikuwa imekataa kumbeba. Chupa ilikuwa mbele ya Jaji.

Mwendesha mashtaka aliuliza kama huyu ndiye samaki aliyeandikwa. Siwema akajibu ndiye. Akauliza kama shahidi ana la kuongeza juu ya utukufu wake. Siwema alimtazama Ngwali, akawatazama wajumbe wa Baraza waliojaa mstari wa mbele na tai zao, na hasira iliyokaa kifuani mwake miezi minane ikapanda, ikawa tulivu kabisa.

"Ninalo, Mheshimiwa Jaji. Lipo ukurasa wa tatu, mstari wa tisa, na kama kungekuwa na mmoja katika waheshimiwa hawa aliyefungua ukurasa wa tatu, tusingefika hapa. Dume la kimera lina rungu dogo kwenye paji la uso, la kumshikia jike. Huyu hana. Huyu ni jike, na ana mayai mawili tumboni."

Ilisikika feni. Ilisikika hata kalamu ya karani, ambayo haikuwa ikiandika.

Jaji aliomba mapumziko ya dakika kumi, akakaa saa tatu. Simu ziliingia na kutoka. Aliporudi alikuwa ameloa jasho, akasoma bila kuinua macho. Mahakama imeridhika kwamba hakuna samaki. Hajawahi kuwako. Chupa iliyo mbele yake ni tupu. Samaki aliitazama Mahakama kutoka ndani ya chupa tupu, naye Jaji akaitazama dari. Kwa kuwa hakuna samaki, hakuna aliyevua. Kwa kuwa hakuna aliyevua, hakuna aliyekamatwa. Na makarani wanaamriwa kuondoa jambo hili katika kumbukumbu zote.

Mize alifungua kinywa apige kigelegele. Siwema akamshika mkono, maana alikuwa ameanza kuijua nchi yake.

*

Makarani wa nchi ile walikuwa wavivu katika kila kazi isipokuwa kufuta. Walilifuta jina la Ngwali kwenye daftari la mahabusu. Wakaona kazi haijawa safi, wakalifuta kwenye daftari la leseni za uvuvi, kisha la wapiga kura, kisha la ndoa, kisha la vizazi. Ngwali mwenyewe walimrudisha selo namba sita, kwa kuwa hapakuwa na amri ya kumwachia. Haiwezekani kumwachia mtu ambaye hakukamatwa.

Mize alipopeleka sahani langoni aliulizwa chakula cha nani. Alipotaja jina, walimwonyesha daftari kwa adabu. Alikwenda kwa msajili, akarudi Makumbusho jua likiwa kali, akasimama mbele ya meza ya Siwema.

"Wameniambia sijaolewa," alisema. "Watoto wanne nimewaokota wapi, mwanangu?"

Siwema aliinuka. Alisukuma kiti kwa kisigino, kikaanguka, akakiacha. Siku tisa tangu hukumu alikuwa ameandika barua za adabu kuomba Ngwali aachiwe, na adabu ilikuwa imemwishia. Alichukua fomu moja kutoka kabatini, akamtaka Mize aje naye, wakatoka na mkokoteni wa kubebea vielelezo.

Langoni alimwambia sajini kwa sauti ya kiofisi kwamba Makumbusho imearifiwa kuwapo, ndani ya jengo la serikali, kwa kiumbe ambacho hakimo katika orodha yoyote ya nchi, na kwamba kwa mujibu wa Sheria ya Uainishaji kiumbe kama hicho ni kielelezo, na kielelezo hukabidhiwa Makumbusho siku hiyohiyo. Sajini alishusha pumzi. Kwa siku tisa alikuwa na mdomo unaokula mgao ambao daftari halikuutambua, na usingizi ulikuwa umemruka. Aliamuru kiumbe kiletwe.

Wakamleta wamembeba. Mize akamshika mkono, na hakuna aliyemkataza, maana hakuna sheria inayomkataza mwanamke asiyeolewa kushika kielelezo.

Sajini alianza kujaza kwa mwandiko mzuri. Mahali kilipopatikana: selo namba sita. Kina: maji ya vifundoni. Rangi: alitazama, akaandika kama majivu. Magamba: aliinama kwenye ile miguu, akauliza kama ngozi inayobanduka inahesabiwa. Siwema alisema haihesabiwi. Mapezi: hakuna. Alifika mstari wa mwisho, hali ya kielelezo, na hapo akakwama. Wachapaji wa fomu, kwa kuwa vielelezo vyote huja vimekufa, walikuwa wamelichapa jibu tayari ili kuokoa muda wa watumishi. Lilisomeka: mfu.

Sajini aliliangalia neno, akamwangalia Ngwali, akalirudia neno. Hakuwa mtu mbaya. Aliiweka kalamu chini, akasema kwa upole wa mtu anayetaka kusaidia:

"Basi tusubiri kidogo, bibie. Hatakawia."

Siwema aliinyakua kalamu. Alilikata lile neno la wachapaji, na juu yake, kwa herufi kubwa, akaandika HAI, akaikandamiza nchi nzima chini ya ncha ile, hata karatasi ikatoboka. Kisha akausogeza mhuri wa gereza mbele ya sajini, akamtazama. Sajini akagonga.

Mkokoteni ulipotoka langoni, Mize akisukuma upande mmoja na Siwema upande wa pili, sajini alikuwa bado ameinamia meza yake. Wino ulikuwa umepenya karatasi, ukaingia kwenye mbao za serikali. Alisugua kwa kidole, akasugua kwa mate, akachukua kisu akakwangua. Kadiri alivyokwangua, ndivyo neno lilivyozidi kusomeka.